Bekingi soda: inayoyaweza na inayosingiziwa

Mwaga kijiko cha bekingi soda kwenye sinki, kisha mimina siki juu yake. Povu litapanda kwa kishindo, litafurika, na baada ya dakika moja hivi litakuwa limekwisha. Wengi wakiliona povu hilo huamini kwamba uchafu unang'oka. Kinachotokea ni kwamba vitu viwili vilivyokuwa na uwezo wa kusafisha vimemalizana vyenyewe kwa vyenyewe. Siki ni asidi, bekingi soda ni alkali. Vikikutana, kila kimoja hufuta nguvu ya mwenzake, hewa ya ukaa hupaa, na kinachobaki ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo haing'oi mafuta wala kutu. Gramu 5 za bekingi soda humalizwa na takribani mililita 70 za siki ya kawaida ya asilimia 5. Ukichanganya kwa vipimo hivyo, umevitupa vyote viwili.

Nimeanza na povu kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya sifa za poda hii siku hizi. Kwenye simu zetu tunaambiwa kwamba bekingi soda inazibua mabomba, inang'arisha meno, inapunguza kitambi, inaua mende, inasafisha figo na hata kuponya saratani. Baadhi ya yanayosemwa ni kweli tupu, na baadhi yanaweza kumpeleka mtu kaburini. Anayetaka kuyatenganisha hana haja ya kukariri orodha ndefu ya matumizi. Poda hii ina kazi chache tu. Hupunguza makali ya asidi. Hutoa hewa ya ukaa ikikutana na asidi au ikipata moto. Hulainisha vitu fulani kwa alkali yake ya kiasi. Na chembe zake husugua bila kukwaruza. Kila sifa mpya inayoletwa iulizwe swali moja: ni ipi kati ya kazi hizi inayofanyika hapa? Isipopatikana hata moja, hiyo ni hadithi.

Kikemia inaitwa bikaboneti ya sodiamu. Mbelgiji Ernest Solvay ndiye aliyepata, katika miaka ya 1860, njia ya kiwandani ya kuipata bikaboneti hiyo kutoka kwenye chumvi ya kawaida, chokaa na amonia, na bei ikashuka duniani kote. Kabla yake, mwaka 1846, John Dwight na Austin Church walikwisha kuanza kuipakia na kuiuza New York kwa ajili ya waokaji. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na ndugu yake ardhini tangu zamani. Magadi ya Ziwa Natron nchini Tanzania na ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, ni mchanganyiko wa asili wa bikaboneti hiyohiyo na kaboneti ya sodiamu, ambayo ni kali zaidi. Undugu huu una manufaa yake na una hatari zake, na nitaurudia kwenye sufuria ya maharage.

Kazi iliyoipa jina ni ya kuumua. Kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, kikipata asidi ya kutosha hutoa zaidi ya lita moja ya hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayotoboa vile vishimo ndani ya keki. Sharti asidi iwepo: mtindi, maziwa yaliyoganda, maji ya limau, ukwaju. Asiyetia asidi anategemea joto pekee, na joto hutoa nusu tu ya hewa ile, likiacha nyuma kaboneti yenye ladha ya sabuni na kuipa keki rangi ya kahawia isiyopendeza. Kipimo kinachokubalika ni robo kijiko cha chai kwa kikombe cha unga. Kwa hiyo vikombe viwili vya unga hutaka nusu kijiko cha bekingi soda na kikombe kimoja cha mtindi, na hapo asidi na alkali zinatoshana. Mpishi anayeongeza soda ili keki ipande zaidi hapati keki ndefu, anapata keki chungu.

Bekingi poda ni kitu kingine, ingawa makopo hukaa bega kwa bega dukani. Ndani yake tayari mna bekingi soda, asidi kavu, na wanga wa kuzuia unyevu usiviamshe kabla ya wakati. Mfamasia wa Uingereza, Alfred Bird, aliitengeneza ya kwake mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe, ambaye hakupatana na hamira. Nguvu yake ya kuumua ni kama theluthi ya ile ya bekingi soda, kwa hiyo kubadilisha moja kwa nyingine kijiko kwa kijiko huharibu mapishi. Ukitaka kujua kama bekingi soda yako bado hai, idondoshee siki. Bekingi poda ijaribu kwa maji ya moto. Kisichochemka, kimelala.

Kuna matumizi mengine ya jikoni yasiyotajwa sana ambayo mimi nayapa heshima kubwa. Mpika vitumbua aliyeloweka mchele wake, akausaga na kuuacha uumuke, mara nyingine hukuta rojo limechacha kupita kiasi kwa sababu ya joto la usiku. Bekingi soda kidogo, ya kushikwa kwa ncha za vidole, ikikorogwa dakika chache kabla ya kuchoma, huondoa ule ukali na kuongeza hewa kwa wakati mmoja. Asidi ipo, alkali imeikuta, kazi imeonekana.

Sasa maharage. Hapa ndipo mkaa, afya na mazoea hukutana, na panastahili kukaliwa.

Harage hushikwa na pektini, ile gundi inayounganisha chembehai za mmea, na pektini hukazwa na kalsiamu na magnesiamu. Maji magumu ya visima yana madini hayo kwa wingi, ndiyo maana maharage yanayoiva upesi kwa maji ya mvua husumbua kwa maji ya kisima. Maharage yaliyokaa ghalani misimu miwili ni magumu zaidi kuiva. Alkali huivunja pektini, na sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu, hivyo gundi hulegea. Wapika makande wa Upare na Usambaa, wapika mlenda wa Dodoma na Singida wanaotia magadi, na Waluhya wa magharibi mwa Kenya wanaochuja majivu kupata munyu wa kupikia mrenda, wote walilijua hilo kwa vitendo kabla ya maabara yoyote. Kwa kinyume chake, nyanya, ukwaju na ndimu huikaza pektini. Anayezitia mapema hukaa jikoni hadi usiku, kwa hiyo zisubiri mpaka harage libonyee kati ya vidole.

Mboga za majani nazo hubaki kijani kibichi zikipikwa na alkali, kwa sababu asidi iliyomo ndani ya jani ndiyo inayoharibu rangi yake. Lakini kuna bei ya kulipa. Vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake cha bei nafuu kwa familia nyingi, huharibika haraka ndani ya alkali, na vitamini C ya mboga huondoka vilevile. Mboga inayong'aa kijani sahanini inaweza kuwa imeshapoteza kile ulichoilia.

Magadi ya jiwe yanaongeza tatizo ambalo bekingi soda ya dukani haina. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi nyingi, na maji ya maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara huipita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watu wa huko yanajulikana nchi nzima, na wenyewe wameyavumilia maneno mengi ya kuumiza. Kwa muda mrefu lawama ilibebeshwa maji pekee. Tafiti za meno zilizofanyika Tanzania katika miaka ya 1990 zikaonyesha kwamba magadi nayo yana mkono, kwani madoa yalikutwa hata kwa watoto ambao maji yao yalikuwa na floraidi kidogo lakini chakula chao kililainishwa kwa magadi. Vipimo vilionyesha pia kuwa magadi ya sehemu moja na ya nyingine hutofautiana mno kwa floraidi, na jicho haliwezi kuyatofautisha sokoni. Jino la kudumu hujengwa ndani ya fizi katika miaka ya mwanzo ya maisha, hadi mtoto akaribie miaka 8, na doa linaloingia wakati huo halisuguliki baadaye.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, msimamo wangu ni huu: magadi ya jiwe yatoke kwenye chakula cha kila siku. Maharage yalowekwe usiku kucha. Yakiwa ya zamani au maji yakiwa magumu, maji ya kulowekea yatiwe robo kijiko cha chai cha bekingi soda kwa kila lita, asubuhi yamwagwe, maharage yasuuzwe na kupikwa kwa maji mapya. Mkaa utapungua, sodiamu nyingi itakwenda na maji, na vitamini zitasalia kuliko pale soda inapochemka na chakula hadi mwisho.

Tuje kwenye usafi. Ukoko wa uji au wa ugali ulioungua chini ya sufuria ya chuma cha pua ni mahali ambapo bekingi soda inafanya kazi ya kupendeza machoni. Tia maji yafunike ukoko, weka vijiko viwili vya chai, chemsha dakika kumi, zima, acha vipoe. Maji yanakuwa ya rangi ya chai ya rangi, na kingo za ukoko zinaanza kujikunja kama ganda la mti mkavu. Mwiko wa mbao unatosha kuusukuma. Moto ndio umeongeza nguvu. Bikaboneti ikichemka hupoteza hewa yake ya ukaa na kugeuka taratibu kuwa kaboneti, alkali iliyo kali zaidi, inayofungua mafuta na wanga uliogandamana. Ukiikausha poda yenyewe kwenye tanuri la nyuzi 200 kwa saa moja, gramu 100 zitabaki kama 63, na ulichonacho sasa ni soda ya kufulia, si ya chakula tena.

Sufuria za aluminiamu, ambazo ndizo nyingi majumbani kwetu, hazitaki matibabu hayo. Alkali ya moto hula tabaka jembamba linaloilinda aluminiamu na kuiacha nyeusi na yenye vishimo. Kwa hizo, bekingi soda iwe ya kusugulia tu, ikiwa rojo baridi, na isuuzwe mara moja. Kusugua inakuweza vizuri: chembe zake ni laini kuliko kioo na vigae, hivyo huondoa doa la chai kwenye kikombe au utando wa sabuni kwenye beseni bila michirizi inayoachwa na stilwaya. Uzibuaji wa mabomba nao usipewe matumaini. Bomba lililozibwa na mafuta hulegezwa na maji ya moto na sabuni, lililozibwa na nywele hutaka waya.

Harufu ni suala ambalo poda hii inasifiwa jumla jumla, na jumla hiyo haifai. Harufu ya maziwa yaliyochacha, ya jasho lililokaa kwenye viatu, ya matapishi ya mtoto kwenye godoro, nyingi hutokana na asidi. Hizo bekingi soda huzikamata na kuzigeuza chumvi zisizonuka. Nyunyizia, acha usiku kucha, kung'uta. Shombo ya samaki ni kinyume chake, maana hutokana na amini, ambazo zenyewe ni alkali. Kuifuata shombo kwa bekingi soda ni kumpelekea mwizi ndugu yake. Watu wa pwani wanaopaka samaki ndimu na kunawa mikono kwa ndimu wako sahihi kikemia tangu hapo. Na lile kopo linaloachwa wazi ndani ya friji ni desturi iliyoenezwa na tangazo la kibiashara la Marekani la mwaka 1972. Hewa inayogusana na uso mdogo wa poda tulivu ni kidogo, kwa hiyo faida nayo ni ndogo. Friji inayonuka itolewe kinachonuka, kisha ipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya bekingi soda.

Kuna jambo moja ambalo ningependa liingie katika kila nyumba inayonunua nyanya sokoni zikiwa na madoa meupe ya dawa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu kuosha matofaa yaliyopakwa viuatilifu viwili. Maji yenye gramu 10 za bekingi soda kwa lita, ambayo ni vijiko viwili vya chai, yaliondoa kilichokuwa juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu na kuliko maji ya klorini, matunda yakilowekwa kwa dakika 12 hadi 15. Alkali ilikuwa inazivunja dawa hizo zenyewe. Kilichokwisha kupenya ndani ya ganda hakikutoka, na dawa nyingine huenda zisivunjike namna hiyo, kwa hiyo hili haliondoi wajibu wa mkulima kusubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Hata hivyo, kwa gharama ya vijiko viwili, ni kinga inayostahili.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Mfuniko usipokuwepo, bekingi soda kwa konzi kubwa juu ya moto mdogo husaidia, maana joto huilazimisha kutoa hewa ya ukaa, na baadhi ya mitungi ya kuzimia moto ya unga mkavu imejazwa poda hiyohiyo. Kamwe usitumie maji, wala unga wa ngano, ambao wenyewe huwaka.

Mwili wa binadamu ndipo upotoshaji unapoua. Na hapa pia kuna ukweli wa kuanzia. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya maji ya kuongezea mwili kwa wenye kuharisha, ile ORS ya miaka ya 1970, ilikuwa na gramu 2.5 za bikaboneti kwa lita, kwa sababu anayeharisha sana damu yake huelekea kwenye asidi. Baadaye ikabadilishwa kwa sitreti, ambayo hukaa muda mrefu kwenye pakiti bila kuharibika. Hospitalini bikaboneti bado hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa figo, kwa kipimo na kwa usimamizi wa vipimo vya damu.

Kiungulia nacho hutulizwa kweli: asidi ya tumbo imekutana na alkali. Lakini tazama kinachoingia pamoja nayo. Kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya gramu 1.2 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 2 kwa siku nzima. Mwenye presha, mwenye moyo au figo dhaifu na mjamzito, ambaye kiungulia humtesa kuliko wote, ndio hasa wasiopaswa kuinywa bila kumuuliza daktari. Ikinywewa juu ya tumbo lililoshiba sana, hewa inayotoka yote kwa mkupuo imewahi kupasua matumbo ya watu. Huvuruga pia ufyonzwaji wa dawa nyingine. Kiungulia kinachorudi kila wiki kinataka kupimwa.

Nadharia ya kwamba ukinywa alkali unaibadilisha damu na kuua saratani haina msingi. Damu hulindwa na mapafu na figo ikae kati ya pH 7.35 na 7.45, na ziada yoyote hutolewa kwenye mkojo au hewa. Daktari wa Italia aliyeieneza tiba hiyo kimataifa alifutiwa leseni. Mgonjwa anayeacha matibabu akashika kijiko anapoteza miezi ambayo uvimbe ungeweza kutibika. Kitambi nacho hakiyeyuki kwa alkali, kwa kuwa hakuna asidi inayongoja kumalizwa ndani ya mafuta hayo. Sehemu za siri za mwanamke zina asidi yao inayozilinda dhidi ya maambukizi, na kuziosha kwa bekingi soda ni kuibomoa kinga hiyo.

Nimalizie na rafu za jikoni. Siku hizi nyumba nyingi zinatengeneza sabuni ya kuuza, na kwenye rafu moja utakuta bekingi soda, soda ya kufulia, magadi na kostiki, vyote vyeupe, vyote vinaitwa soda, vingine vimehamishiwa kwenye makopo ya majarini na chupa za maji ya kunywa. Bekingi soda ikilambwa na mtoto kidogo haimdhuru. Kostiki huunguza koo na umio ndani ya sekunde, na anayepona mara nyingi hubaki na umio uliosinyaa usiopitisha chakula. Kila kopo liandikwe jina, na kostiki ikae nje ya jiko, kwenye chombo chake cha asili, juu na kwa kufuli. Mtoto akiinywa, usimtapishe, na usimpe siki wala ndimu kwa kudhani vitaikata nguvu, kwa maana joto la kukutana kwao litamuunguza zaidi. Msuuze kinywa kwa maji na mkimbize hospitali saa hiyohiyo, na kopo lile mwende nalo.